Nota iliyonikimbia, mwanafunzi wangu akaipata

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mzaliwa wa Malindi, na kazi yangu ni kuimba opera na kufundisha sauti. Wengi wakisikia hivyo huniuliza, "Opera, hapa Malindi?" Lakini unaujua mji wetu. Waitaliano wamekuwa nasi tangu miaka ya 1960, walipojenga kituo cha San Marco cha kurushia setilaiti kule Ngomeni, na mama yangu aliwauzia vikoi na leso katika kibanda kando ya Lamu Road. Nilijua kupatana bei kwa Kiitaliano kabla sijaweza kuandika barua kwa Kiingereza.

Kuimba nilikurithi kwa hawe yangu, bibi mzaa baba. Alikuwa mwimbishaji wa mwanzele, ngoma yetu ya Kimijikenda, matangani, na akianza, aliye upande wa pili wa shamba la minazi alimsikia bila kipaza sauti. Kisha nikaingia kwaya ya kanisa, sauti ya kwanza, kwa solfa, mpaka mwalimu wetu wa kwaya aliponipeleka Nairobi nikasikilizwe. Huko nikajifunza kusoma nota za mistari, nikapata ufadhili, nikasoma Ulaya miaka minne. Tangu nirudi mwaka 2018 nimeimba matamasha kadhaa Nairobi, na mara tatu nimeitwa nje kwa nafasi ndogo, zile za mtumishi anayeingia na barua na kutoka.

Kinachonilisha mimi na mwanangu ni kufundisha. Nina chumba nyuma ya nyumba, kinanda cha umeme na feni, na wanafunzi 26 kwa wiki: watoto wa kwaya, vijana wanaoimba hotelini, wawili wa harusi, na kina mama wawili wa Kiitaliano ambao huwa hapa Desemba hadi Machi. Kwa wiki napata kama Sh20,000.

Sasa shida. Tangu Pasaka naamka na sauti ya mzee. Mpaka saa nne asubuhi haijafunguka. Nota za chini zipo, za kati zipo, lakini ile nota ya juu iitwayo si-bemoli (B-flat), ambayo zamani niliipata hata nikiwa naosha vyombo, sasa inatoka na upepo mwingi, na nikitaka itoke safi lazima niisukume. Nimekunywa tangawizi, asali na ndimu mpaka nimechoka. Sijamwambia mtu. Mwimbaji akisemekana sauti imeharibika, simu huacha kulia.

Na simu imelia. Nimepewa nafasi kuu, ya kwanza maishani mwangu, katika opera itakayoimbwa Nairobi mwishoni mwa Novemba. Mazoezi ni wiki tano, maonyesho ni mawili, malipo ni Sh90,000. Nikipiga hesabu ya wiki sita bila wanafunzi, nafanya kazi kwa hasara, na sijui wangapi nitawakuta nikirudi. Jibu linatakiwa kabla ya mwisho wa mwezi ujao. Wakati huohuo mashindano makubwa kama Operalia huchukua wa miaka 18 hadi 32, kwa hiyo mlango ule umeshanifungia. Mwenzangu niliyesoma naye, anayeimba Ujerumani, aliniambia kwenye simu, "Kwa hiyo umekubali kuwa mwalimu." Hakusema kwa ubaya. Lakini sikulala.

La mwisho ndilo linalonifanya nikuandikie wewe na si mtu mwingine. Ninaye mwanafunzi wa miaka 17, baba yake ni mvuvi. Humfundisha Jumamosi bila malipo. Mwezi wa sita nilikuwa namwonyesha kifungu kimoja, na sauti yangu ikakatika palepale juu. Nikacheka, nikamwambia, "Haya, jaribu wewe." Akavuta pumzi, akaipata ile nota kama mtu anayeokota embe chini ya mwembe. Kisha akaniangalia kuuliza kama ni sawa.

Jumamosi iliyofuata nilimwambia sauti yake haijawa tayari, nikamhamishia sauti ya pili kwa tamasha la Krismasi. Nikachukua karatasi ya wimbo wake. Alisema, "Sawa, mwalimu." Tangu hapo huja kwa wakati na kuimba chini, bila kulalamika.

Nimemdanganya, Shangazi. Sauti yake iko tayari. Aibu hii ni nzito kuliko koo langu.

Niache kufundisha niifuate opera, au niache opera nitulie na wanafunzi?

Sauti Iliyochoka, Malindi

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nilisimama pale binti alipokuangalia kuuliza kama ni sawa. Tutafika huko. Lakini nianze na koo, kwa sababu mengine yote yanaweza kungoja wiki mbili na hilo haliwezi.

Sauti iliyokwaruza kwa wiki tatu inataka daktari. Yako imekwaruza tangu Pasaka. Mficha uchi hazai, na mwimbaji anayemficha daktari koo lake haliokoi. Nenda Mombasa, ni kilomita 120 tu, ukamwone daktari wa masikio, pua na koo. Mwambie wewe ni mwimbaji na unahitaji nyuzi za sauti zitazamwe kwa kamera, tena ikiwezekana kwa ile taa ya kumetameta inayozifanya zionekane zikitikisika polepole. Usikubali kutumwa nyumbani na dawa ya kikohozi kabla hujatazamwa.

Kwa nini nasisitiza? Nyuzi hizo ni fupi, hazifiki urefu wa ukucha wa kidole gumba mara mbili. Ukiimba ile si-bemoli yako ya juu zinagongana zaidi ya mara 900 kwa sekunde moja. Zikigonganishwa kwa nguvu siku baada ya siku, huvimba pale zinapopigana sana, na uvimbe ukizoeleka hugeuka vinundu, kimoja kila upande, vikitazamana. Nyuzi zenye uvimbe hazifungi vizuri, ndiyo maana upepo unapita. Dalili ya kwanza huwa ni hiyo hasa uliyoitaja: nota za juu, na zaidi zikiimbwa kwa upole. Jaribu kesho asubuhi kuimba wimbo rahisi wa watoto, juu na kwa sauti ndogo kabisa. Nota ikichelewa, ukasikia pumzi kwanza na sauti baadaye, hapo huenda pamevimba. Sikupi jina la ugonjwa, hiyo ni kazi ya daktari, na huenda akakuta jambo jingine kabisa, hata asidi ya tumbo inayopanda usiku kwa mtu anayekula saa nne na kulala saa nne na nusu. Ila usiogope kisu. Hata vikiwa vinundu, tiba ya kwanza ni kupumzisha sauti na kufundishwa upya kuitumia, na wengi hupona kwa hiyo peke yake.

Nami nayajua haya kwa mwili wangu. Nilifundisha shule ya msingi miaka 28, madarasa ya watoto sitini, vumbi la chaki, mabati yanayopiga kelele mvua ikinyesha. Mwaka mmoja sauti ilifunga muhula mzima. Nami nilikunywa tangawizi. Nikanong'ona nikidhani napumzika, kumbe kunong'ona ni kuziminya nyuzi zilezile. Nikajikohoza kila dakika kusafisha koo, kumbe kila kikohozi ni kofi. Kilichoniponya kilikuwa kengele ya mkono niliyoinunua sokoni ili nisipige tena kelele ya kunyamazisha darasa, na daktari aliyeniambia ukweli.

Sasa nikusimulie mtu mmoja, maana nadhani ni wa ukoo wako. Mwaka 1825 familia ya waimbaji wa Kihispania ilivuka bahari kwenda New York kuimba opera za Kiitaliano. Baba alikuwa mwimbaji mashuhuri wa tenor, sauti ya juu ya kiume, dada mtu akaja kuwa nyota wa Ulaya. Kijana wao, Manuel García, aliimba naye, akiwa na miaka 20. Sauti yake haikustahimili kazi ile. Kabla hajafika miaka 30 alikuwa ameliacha jukwaa, akawa mwalimu. Bila shaka naye alikuwapo wa kumwambia, "Kwa hiyo umekubali."

Akafundisha Paris, kisha London, ambako alikaa kwenye Royal Academy of Music tangu 1848 hadi 1895. Na kwa kuwa alikuwa mwalimu, swali lilimsumbua ambalo mwimbaji wa jukwaani hakuwa na muda nalo: ndani ya koo kunatendeka nini hasa? Mwaka 1854 alichukua kioo kidogo cha daktari wa meno, akakiingiza nyuma ya koo lake mwenyewe, akaelekeza mwanga wa jua kwa kioo cha pili, akaziona nyuzi zake zikifunguka na kufungika. Mwaka uliofuata aliyapeleka maelezo yake kwa Royal Society, na madaktari wakakipokea kioo kile. Aliishi miaka 101. Kamera atakayokuingizia daktari Mombasa, babu yake ni kioo cha mwalimu wa kuimba ambaye sauti yake mwenyewe ilimponyoka.

Na mwaka 1841 alimjia binti wa Kiswidi wa miaka 20, Jenny Lind, nyota kwao Stockholm, koo limechakaa kwa kuimba usiku baada ya usiku. García hakumpa zoezi hata moja. Alimrudisha akapumzike wiki kadhaa bila kuimba, ndipo akaanza naye upya, polepole. Alipoirudia Stockholm mwaka uliofuata, sauti ilikuwa imerudi, na baada ya hapo ndipo Ulaya na Marekani zilipomjua. Uzeeni, tangu 1883, yeye mwenyewe alifundisha kwenye Royal College of Music. Mwanangu, ukiambiwa na daktari unyamaze wiki tatu, nyamaza wiki tatu. Si mwisho wa kazi.

Sasa kufundisha kwako. Nilimuuliza mwalimu mmoja wa sauti ninayemwamini, mtu wa pwani kama sisi, nikamsomea hesabu yako bila jina. Hakuuliza kuhusu opera. Aliuliza, "Katika kila somo anaimba kiasi gani?" Hilo ndilo swali. Wanafunzi 26, na kila mmoja unamwonyesha kwa koo lako, nota za watoto, nota za vijana wa hotelini, feni inavuma na wewe unaipandia juu yake, kisha usiku unafanya mazoezi yako kwa kilichobaki. Wewe hukuharibiwa na opera. Umeharibiwa na kuonyesha.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza uache kufundisha au la, fundisha ukiwa umefunga mdomo. Kinanda kitoe nota. Mkono uonyeshe mkunjo wa sauti. Mwanafunzi aliyeipata amwonyeshe aliyeikosa. Jirekodi mara moja tu, asubuhi moja ambayo sauti iko safi, na rekodi hiyo iwe ndiyo mfano wa wote. Ukilazimika kuimba, imba chini, kwa upole, mara moja. Zima feni. Utaona jambo la ajabu: masikio yako yatakuwa makali zaidi, kwa sababu mwalimu anayeimba pamoja na mwanafunzi hujisikia mwenyewe.

Nawe una mali ambayo walimu wengi wa Ulaya hawana. Wenzetu Waingereza huhangaika kumfunza mwanafunzi irabu safi zisizopinda njiani. Mtoto wa Malindi amezaliwa nazo: a, e, i, o, u, kila moja mahali pake, na karibu kila silabi yetu inaishia kwa irabu, kama Kiitaliano kinavyopenda. Walimu wa sauti duniani kote hupasha sauti moto kwa mlio wa ng', ule wa nyuma ya pua, na inawabidi wauelezee kwa dakika kumi. Wewe sema "ng'ombe", basi, zoezi limeanza. Kinachowashinda wanafunzi wako ni konsonanti zilizorudufiwa, naamini, maana Kiswahili hakina shida hiyo. Wafundishe kwa kicheko: Mtaliano akisema "nonna" anamtaja bibi yake. Ukisema "nona" bila kukaa kwenye n, kwake umetaja ya tisa, na kwetu umemwambia bibi anenepe. Na kwa koo lako mwenyewe, daktari akikuruhusu kutoa sauti, chukua mrija, utie kwenye glasi ya maji, uvumishe sauti ndani yake mpaka maji yachemke kwa mapovu. Mgandamizo unaorudi huzisaidia nyuzi zitikisike bila kupigana. Dakika tatu, mara kadhaa kwa siku. Ukitaka, tumia mrija wa dafu.

Kuhusu yule mwenzako wa Ujerumani. Huko zipo nyumba za opera takriban 80, na nyingi huajiri waimbaji kwa mshahara wa mwezi, kama walimu. Sisi hapa hatuna hata moja ya namna hiyo. Yeye anaimba ndani ya nyumba aliyoikuta imejengwa. Wewe, chumba kile chenye kinanda ndicho msingi, na unaumwaga kwa mikono yako. Angalia Afrika Kusini. Soprano, yaani mwimbaji wa sauti ya juu ya kike, Virginia Davids aliimba, na alifundisha Cape Town, na katika wanafunzi wake alikuwamo Pretty Yende, msichana wa mji mdogo wa Piet Retief, aliyeshinda hiyo Operalia yako mwaka 2011 na mwaka 2013 akasimama Metropolitan Opera, New York. Msichana kama huyo hapati njia kama hakuna soprano aliyekubali kukaa darasani. Na umri usikutishe. Mashindano yana mpaka wa miaka, jukwaa halina. Soprano wa miaka 34 mwenye koo zima bado sauti yake inakua, na nafasi kubwa nyingi haziwezi kubebwa na wa miaka 25.

Kwa hiyo sikubaliani na swali lako la mwisho. Hakuna cha kuacha. Kuna cha kupanga.

Nafasi ya Nairobi: usitie sahihi kabla ya daktari, na usiikatae kabla ya daktari. Nenda wiki hii, ili wiki za kunyamaza ziishe kabla ya siku ya jibu. Akikwambia utakuwa mzima, ikubali, lakini zungumza nao kama mtu wa kazi. Omba malazi na nauli viwe nje ya hizo Sh90,000, na sehemu ya malipo itangulie. Omba uingie mazoezini wiki ya pili, ukiahidi kufika umeshakariri nafasi yote, maana mwenye nafasi kuu hufika na wimbo kichwani, si na karatasi. Wanafunzi waambie sasa, usiwashtukize Oktoba. Waongezee masomo mwezi wa tisa, ya mtindo huo wa mdomo kufunga, walipie kabla. Watoto wa kwaya waachie mkubwa wao mmoja awashikie zoezi. Kina mama wa Kiitaliano hurudi Desemba, kwa hiyo hao hutawapoteza kabisa. Hasara itabaki, sikufichi, lakini itakuwa ndogo kuliko ulivyoihesabu usiku ule hukulala. Na fika Nairobi siku kadhaa kabla ya kuanza: mji uko karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa kavu na nyepesi, na pumzi ya Malindi itakupungukia mwanzoni katikati ya kifungu ulichokizoea. Usikisukume. Kunywa maji, ngoja mwili uzoee.

Sasa binti.

Nitasema nawe kama ningesema na mwanangu wa kumzaa. Kijicho hakikufanyi mtu mbaya. Umesimama mbele ya nota iliyokukimbia, ukaona mtoto anaiokota, na moyo ukaruka. Ningekuwa wewe ungeniruka vilevile. Kosa lilikuja Jumamosi ya pili, ulipokuwa umelala usingizi wa siku saba ukaamka bado unataka kumshusha. Na ulimshusha kwa jambo analoliamini kuliko yote, sikio lako. Baba yake hajui sauti ya kwanza na ya pili. Yeye mwenyewe hawezi kujisikia kama wewe unavyomsikia. Ukimwambia haiko tayari, kwake haiko tayari, na atakwenda nayo mpaka uzeeni akiamini kwamba alikuwa wa sauti ya pili.

Uongo wako ulivaa kanzu ya ukweli, ndiyo maana ulipita. Ni kweli sauti ya miaka 17 hulindwa. Nyimbo nzito za wanawake wazima si zake bado, wala si-bemoli ya kurudiwa mara ishirini kwa zoezi moja. Hilo mwambie, na lishike. Lakini kumlinda ni kumpa wimbo mwepesi ulioko mahali sauti yake inapokaa. Kumficha chini ya sauti ya pili ni jambo jingine, na mwili wako ulilijua, ndiyo ukaniandikia.

Nakuomba umwambie mwenyewe, uso kwa uso, bila kumbebesha habari zako zote. Hahitaji kujua kuhusu Nairobi wala Ujerumani. Sema, "Nilikwambia sauti yako haijawa tayari. Nilikosea. Siku ile ulipoimba uliipata, nami nilikuwa na koo bovu na nikaona uchungu. Kosa lilikuwa langu, sauti yako haina kosa." Atanyamaza, pengine atalia kidogo, pengine atasema tena "Sawa, mwalimu." Mwache aseme analotaka. Ukiogopa kwamba atakudharau, nikwambie kwamba katika miaka 28 niliwaomba watoto radhi mara nyingi, na sikumbuki hata mmoja aliyenipungukia heshima kwa hilo.

Mkumbuke hawe yako matangani. Mwimbishaji hainui wimbo auimbe peke yake mpaka alfajiri. Huuinua, wengine wakauitikia, na akichoka yupo aliyekaa karibu anayejua uanzie wapi. Wewe ulikuwa umekaa karibu.

Ile karatasi uliyomchukulia, naamini bado unayo. Irudishe Jumamosi hii hii, hata kama tarehe ya daktari haijafika. Mpigie kinanda, mwache aimbe mpaka mwisho, nawe usiimbe naye hata neno moja.

Shangazi